Mifupa ya mtoto njiti: jinsi ya kugundua upungufu wa madini kabla mfupa haujavunjika

Mfupa wa mtoto njiti haudhoofiki kwa siku moja. Kabla ubavu haujaonyesha ufa kwenye eksirei, damu huwa imetoa dalili kwa wiki kadhaa: fosfati imeshuka, kimeng'enya cha mifupa kimepanda, na figo zinaibana fosfati isipotee kwenye mkojo. Picha ya kawaida ya eksirei haionyeshi upungufu mpaka mfupa uwe umepoteza takriban asilimia 20 hadi 40 ya madini yake. Anayesubiri picha, basi, anasubiri ugonjwa ukomae. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye orodha ya watoto na karatasi ya maabara, na chumba cha eksirei kinakuja baadaye.

Nimewaandikia wauguzi, matabibu na madaktari wa wodi za watoto wachanga. Mzazi ambaye mtoto wake anachomwa kisigino kila baada ya wiki moja au mbili, naye anastahili kujua kinachotafutwa.

Kwa nini mtoto njiti

Karibu asilimia 80 ya madini ya mifupa ya mtoto huwekwa kati ya wiki ya 24 ya ujauzito na siku ya kuzaliwa kwa wakati. Katika miezi hiyo kondo la nyuma husukuma kalsiamu kwenda kwa mtoto kwa nguvu, kiasi kwamba kalsiamu ya damu ya mtoto huwa juu kuliko ya mama yake. Mtoto hupokea kila siku takriban miligramu 100 hadi 130 za kalsiamu kwa kila kilo ya uzito wake, na miligramu 60 hadi 75 za fosforasi. Akizaliwa wiki ya 26, mkondo huo unakatika siku kitovu kinapokatwa, na utumbo usiokomaa ndio unaotakiwa kushika nafasi yake.

Kinachopungua kwanza, mara nyingi, ni fosforasi, ambayo kwenye damu hupimwa kama fosfati. Mwili huitumia kwanza kwenye seli, misuli na nishati, na mfupa hupata masalio. Fosforasi ikikosekana, kalsiamu haina cha kushikamana nacho kwenye mfupa, hivyo hubaki kwenye damu na kumwagika kwenye mkojo. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye mifupa dhaifu anaweza kuwa na kalsiamu ya kawaida kabisa kwenye damu, hata ya juu kidogo. Ukiona kalsiamu iko sawa, usifunge faili. Kipimo hicho peke yake hakimwondoi mtoto yeyote kwenye orodha.

Hatua ya 1: Andika majina ya walio hatarini

Fanya hivi mtoto anapolazwa, na urudie kila wiki, kwa sababu hatari huongezeka kadiri matibabu yanavyoendelea. Aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 1500 aingie kwenye orodha bila mjadala. Vilevile aliyezaliwa kabla ya wiki ya 28. Walio chini ya gramu 1000 ndio wanaougua zaidi kuliko wote.

Halafu ongeza wale ambao matibabu yenyewe yanawanyima madini: waliokaa kwenye lishe ya mshipani zaidi ya wiki nne, waliofanyiwa upasuaji wa utumbo au waliougua uvimbe mkali wa utumbo unaoua tishu zake, wenye ugonjwa sugu wa mapafu, wenye manjano yanayotokana na nyongo kutuama, kwa kuwa bila nyongo mafuta na vitamini D havifyonzwi vizuri, na waliolazwa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia wakiwa wamelazwa usingizi kwa dawa, kwa sababu mfupa usiosukumwa na misuli haujengeki. Mtoto aliyedumaa tumboni kwa sababu kondo lilikuwa dhaifu ana hatari pia, hata kama wiki zake si chache sana. Huyu husahaulika.

Pitia na chati ya dawa. Furosemaidi, dawa ya kukojoza, humwaga kalsiamu kwenye mkojo. Deksamethasoni na steroidi nyingine hupunguza ujenzi wa mfupa na ufyonzaji wa kalsiamu. Fenobabitali, dawa ya degedege, huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D. Kafeini pia imehusishwa na upotevu wa kalsiamu, lakini kafeini inamfanya mtoto apumue. Isisimamishwe kwa hofu ya mifupa. Swali la kuuliza kwenye raundi ni moja tu kwa kila dawa: je, bado anaihitaji leo? Furosemaidi iliyoanzishwa wiki tatu zilizopita na ambayo hakuna tena anayekumbuka sababu yake, hiyo ndiyo ya kuondoa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya anachokipata kweli

Hatua hii inarukwa sana, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo kuliko zote. Inahitaji kalamu tu.

Maziwa ya mama yana takriban miligramu 25 hadi 30 za kalsiamu katika kila mililita 100, na fosforasi miligramu 13 hadi 15. Chukua mtoto anayepokea mililita 180 kwa kila kilo kwa siku, kiasi ambacho kwa njiti ni kingi. Anapata kalsiamu miligramu 45 hadi 54 na fosforasi miligramu 23 hadi 27 kwa kilo. Mahitaji yake kwa njia ya tumbo ni kalsiamu miligramu 120 au zaidi na fosforasi miligramu 65 au zaidi, kwa sababu si yote anayomeza yanafyonzwa. Hapo unaona mwenyewe: amelishwa kikamilifu, hatapiki, uzito unaongezeka, na bado anapata chini ya nusu ya madini anayohitaji.

Hesabu hii si hoja ya kumwachisha mtoto maziwa ya mama. Maziwa hayo yanamlinda dhidi ya uvimbe wa utumbo na maambukizi, na hakuna kinachoyazidi. Ni hoja ya kuyaongezea kirutubisho maalumu chenye madini na protini, au, pale ambapo hakipo, kuongeza fosfati na kalsiamu kwa agizo la daktari. Maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa watoto waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi, na hasa ya soya, hayamfai mtoto wa gramu 1000.

Kwa aliye kwenye lishe ya mshipani, soma lebo ya mfuko. Kalsiamu na fosfati zikizidi kiwango fulani ndani ya mfuko mmoja hugandana, kwa hiyo mifuko mingi hubeba madini kidogo kuliko yale ambayo kondo lingetoa. Siku zinapokuwa nyingi, pengo linakuwa kubwa.

Hatua ya 3: Damu ianze lini, na ichukuliwe vipi

Vipimo vya msingi ni viwili: fosfati na alkalaini fosfatasi, kile kimeng'enya cha mifupa kinachoandikwa ALP kwenye karatasi ya maabara. Vianze wiki ya tatu au ya nne baada ya kuzaliwa, na virudiwe kila wiki moja hadi mbili. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2013, kilitaja wiki ya nne hadi ya tano kwa waliozaliwa chini ya gramu 1500. Kwa mtoto wa gramu 800 aliye kwenye lishe ya mshipani mimi ningeanza wiki ya tatu.

Usichanganye na fosfati inayoshuka katika wiki ya kwanza ya maisha. Hiyo huonekana hasa kwa watoto waliodumaa tumboni wanapoanzishiwa lishe ya mshipani yenye protini nyingi: seli zinaamka, zinavuta fosfati kwa pupa, nayo kwenye damu inaporomoka huku kalsiamu ikipanda. Inahitaji kutibiwa siku hiyohiyo, lakini si ugonjwa wa mifupa, japo ikiachwa itauandalia njia.

Sasa kuhusu sampuli yenyewe, maana hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika. Kisigino kikiwa baridi, damu haitoki, na mkono huanza kukikamua. Kukamua huvunja chembe nyekundu. Ndani ya chembe hizo kuna fosfati nyingi, nayo inamwagika kwenye sampuli. Maabara itakuletea fosfati ya milimoli 1.9 kwa lita kwa mtoto ambaye kwa kweli ana 1.5, nawe utapumua kwa utulivu usiostahili. Pasha kisigino joto kwanza, acha tone lijikusanye lenyewe, na jibu likirudi limeandikwa kwamba chembe zimevunjika, rudia kipimo, usilitumie. Kosa la upande wa pili ni chupa yenye EDTA, ile ya kupimia wingi wa damu. Tone lake likiingia kwenye chupa ya kemia, ALP na kalsiamu hushuka kwa uongo na potasiamu hupanda. ALP ya chini isiyoelezeka pamoja na potasiamu ya juu isiyoelezeka: rudia kwanza, kisha ndipo utafute ugonjwa.

Na unganisha vipimo. Mtoto wa kilo moja ana damu kidogo mno ya kuchomwa leo kwa fosfati na kesho kwa kreatinini, taka ya misuli inayopima kazi ya figo.

Hatua ya 4: Soma ALP na fosfati kwa pamoja, na usome mwelekeo

ALP ni kimeng'enya ambacho kwa mtoto mchanga hutoka zaidi kwenye seli zinazojenga mfupa. Hupanda kwa kila mtoto njiti katika wiki mbili au tatu za mwanzo; hiyo ni kawaida. Kinachotia shaka ni inapoendelea kupanda wakati fosfati inashuka.

Mipaka inayotumika sana ni hii. ALP zaidi ya uniti 500 kwa lita: tia shaka, fuatilia kwa karibu, piga upya hesabu ya hatua ya 2. ALP kati ya 800 na 1000 au zaidi: eksirei inahitajika, na madini yaongezwe mpaka kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Fosfati chini ya milimoli 1.8 kwa lita, sawa na miligramu 5.6 kwa desilita: ni ndogo kwa njiti, hata kama kiwango cha kawaida kilichochapishwa kwenye karatasi, ambacho mara nyingine ni cha mtu mzima, kinasema iko sawa. Hilo la kiwango cha mtu mzima lichunguze leo kwenye maabara yako. Fosfati inayobaki chini ya 1.3, yaani miligramu 4 kwa desilita, haivumiliwi. ALP zaidi ya 900 pamoja na fosfati chini ya 1.8 ni mchanganyiko unaoelekeza kwa nguvu kwenye mifupa iliyopungukiwa madini.

Lakini namba moja haisemi mengi. Tuseme mtoto ana ALP ya 420 na fosfati ya 1.9 katika wiki ya nne. Hakuna anayeshtuka. Wiki ya sita ALP ni 610, fosfati 1.5. Ukisoma karatasi ya wiki ya sita peke yake utasema bado hajafika 800, tusubiri. Ukizichora zote mbili kwenye karatasi moja utaona mistari miwili inayopishana, mmoja ukienda juu na mwingine chini, na hapo hutasubiri. Chora grafu. Ibandike pamoja na ile ya uzito na urefu, ili anayeingia zamu ya usiku aone mwelekeo bila kufukua faili.

ALP ina njia zake za kudanganya. Ini na utumbo pia hutoa kimeng'enya hiki, kwa hiyo mtoto mwenye nyongo iliyotuama anaweza kuwa na ALP ya juu kwa sababu mbili. Kipimo cha GGT, kimeng'enya kingine cha ini, husaidia: kikipanda pamoja na ALP, ini lina mchango, kikiwa cha kawaida, elekeza macho kwenye mfupa. Kwa upande mwingine, upungufu wa zinki na matumizi ya steroidi hushusha ALP, hivyo mtoto aliyepata deksamethasoni anaweza kuwa na mifupa dhaifu na ALP isiyotisha. Kwake yeye sikiliza fosfati zaidi.

Hatua ya 5: Tambua ni madini gani yanakosekana

Wengi hukomea hatua iliyopita: fosfati ndogo, mpe fosfati. Mara nyingi ni sahihi. Mara nyingine inaumiza, na ndiyo sababu nataka tukae hapa kidogo.

Fosfati inaweza kuwa ndogo kwa njia mbili. Ya kwanza, mtoto haipati ya kutosha. Ya pili, anakosa kalsiamu. Tezi za parathairoidi zinatoa homoni yake, PTH, kwa wingi ili kuvuta kalsiamu kutoka kwenye mfupa, na homoni hiyohiyo inaziamuru figo zitupe fosfati. Damu za watoto hawa wawili zinafanana: fosfati ndogo, ALP ya juu, kalsiamu karibu na kawaida. Ukimpa wa pili fosfati peke yake, fosfati hiyo inaishika kalsiamu kidogo aliyo nayo, PTH inapanda zaidi, na mfupa unaendelea kuliwa.

Kinachowatenganisha ni PTH na mkojo. PTH ya kawaida au ya chini inaonyesha upungufu wa fosforasi. PTH ya juu inaonyesha upungufu wa kalsiamu au wa vitamini D. Ikizidi pikogramu 180 kwa mililita huku fosfati ikiwa ndogo, mchukulie mtoto kuwa na ugonjwa mkali. Sampuli ya PTH haipendi kukaa. Iulizie maabara chupa wanayoitaka na muda wanaoukubali kabla hujamchoma mtoto.

Mkojo ni rahisi zaidi kuupata na haumuumizi. Pima fosfati na kreatinini kwenye mkojo na kwenye damu ya siku hiyohiyo, kisha tafuta ni asilimia ngapi ya fosfati figo zimeirudisha mwilini. Gawanya fosfati ya mkojo kwa fosfati ya damu. Gawanya kreatinini ya damu kwa kreatinini ya mkojo. Zidisha majibu hayo mawili. Toa kwenye 1. Zidisha kwa 100. Hakikisha vipimo vya mkojo na vya damu vimeandikwa kwa kizio kimoja.

Mfano: fosfati ya damu 1.4, ya mkojo 0.7, kreatinini ya damu 40, ya mkojo 800. Ya kwanza inatoa 0.5, ya pili 0.05. Zao lake ni 0.025. Ukitoa kwenye 1 unabaki na 0.975, yaani asilimia 97.5. Figo zimeirudisha karibu fosfati yote. Zinamwambia daktari kwamba mtoto huyu ana njaa ya fosforasi. Juu ya asilimia 95 tafsiri ni hiyo. Sasa badilisha kitu kimoja tu: fosfati ya mkojo iwe 10. Jibu linashuka mpaka asilimia 64 hivi. Fosfati ya damu ni ileile ndogo, lakini figo zinaimwaga. Kama na PTH iko juu, tatizo ni kalsiamu.

Tahadhari mbili. Figo za mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 28 huvuja fosfati kwa kutokomaa kwake, hasa wiki za mwanzo, kwa hiyo asilimia ya chini isikukimbize kwenye hitimisho bila PTH. Na kalsiamu ya mkojo, ambayo hupanda fosforasi inapokosekana, hupanda pia kwa anayetumia furosemaidi; kwake haitafsiriki kirahisi.

Vitamini D ipimwe kwa mwenye nyongo iliyotuama, kwa ambaye mama yake ana upungufu, na kwa ambaye PTH yake iko juu. Isipewe kipaumbele kisichostahili: kwa njiti walio wengi kinachokosekana ni madini, na dozi kubwa ya vitamini D haiwezi kujenga mfupa kwa fosforasi isiyokuwepo.

Hatua ya 6: Mkague mtoto kwa mikono

Dalili za mwilini huja kwa kuchelewa, kwa kawaida kati ya wiki ya 6 na ya 12. Hata hivyo mikono yako inaweza kugundua kilichopita kwenye karatasi.

Anza na fuvu. Weka vidole gumba viwili kwenye mfupa wa pembeni ya kichwa, nyuma na juu ya sikio, mbali na maungio, na bonyeza polepole. Mfupa uliopungukiwa unabonyea na kurudi, kama mpira wa tenisi ya mezani. Ukibonyeza karibu na maungio utapata ulaini ambao kwa njiti ni wa kawaida, na utaandika ugonjwa usiokuwepo. Angalia utosi kama ni mpana kupita kiasi na maungio kama yameachana. Pitisha kidole kwenye kifua pale ubavu unapokutana na gegedu. Vinundu vilivyopangana kwa mstari ni dalili ya matege. Tazama vifundo vya mikono kama vimetanuka.

Pima urefu kila wiki kwa ubao wa kupimia, watu wawili, mmoja akishika kichwa. Mtoto anayeongezeka uzito lakini urefu umesimama anastahili kuangaliwa fosfati yake.

Kisha kuna dalili mbili ambazo hazifanani na ugonjwa wa mifupa. Moja ni kupumua. Mbavu laini zinavutwa ndani badala ya kuinua kifua, na mtoto aliyekuwa akielekea kuachishwa mashine anarudi nyuma bila maambukizi na bila sababu ya mapafu. Nyingine ni maumivu. Mtoto anayelia kila anapobadilishwa nepi, au asiyechezesha mkono mmoja, au mwenye paja lililovimba, huyo ana mfupa uliovunjika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama anayemkumbatia kifuani kila siku huwa wa kwanza kulihisi hili. Akisema, «Muuguzi, mguu huu hapendi niuguse,» mchukulie kwa uzito uleule ambao ungempa daktari bingwa.

Hatua ya 7: Eksirei, na picha ambazo tayari unazo

Kabla ya kuomba picha mpya, toa zile za kifua alizopigwa kwa ajili ya mapafu. Zipange kwa tarehe. Angalia mbavu moja baada ya nyingine, hasa upande wa nyuma, kisha mfupa wa juu wa mkono pale unapoingia begani. Nyufa za mbavu zinazopona, zenye uvimbe mdogo wa mfupa mpya, hukutwa hivi kwa bahati, kwenye picha ambayo kila mtu aliisoma akitafuta nimonia.

Picha mpya, ikihitajika, iwe ya kifundo cha mkono au goti. Ngazi za mtafiti Koo, zilizochapishwa 1982, bado zinatosha: ngazi ya kwanza mifupa imefifia, ya pili, juu ya kufifia, ncha za mifupa zimechakaa, zimetanuka na kubonyea, ya tatu kuna kuvunjika. Picha safi haifuti majibu ya damu.

Mashine za kupima uzito wa madini ya mfupa, na zile za mawimbi ya sauti zinazopitishwa kwenye muundi, zipo na zinafaa katika utafiti. Kukosa mashine hizo hakukuzuii kumgundua mtoto hata mmoja.

Mifupa ikivunjika na picha ya damu haikubaliani, panua fikra. ALP ya chini sana pamoja na mifupa isiyo na madini huashiria ugonjwa wa kurithi wa kukosa kimeng'enya hicho. Nyufa nyingi na damu ya kawaida huweza kuwa ugonjwa wa kurithi wa mifupa kuvunjika kirahisi. Kaswende ya kuzaliwa nayo huharibu ncha za mifupa na kumfanya mtoto asichezeshe kiungo, pima. Upungufu wa madini ya shaba hutokea kwa waliokaa sana kwenye lishe ya mshipani. Usaha ndani ya mfupa nao huvimbisha paja.

Ukishathibitisha

Dozi ni za daktari na mfamasia, lakini mambo haya yanahusu kila aliye wodini.

Kalsiamu na fosfati za mdomo zisichanganywe kwenye maziwa ya mlo mmoja. Zitaganda ndani ya mpira wa kulishia na mtoto hatapata yoyote. Zipishane: mlo huu moja, mlo ujao nyingine. Dozi ihesabiwe kwa madini yenyewe, si kwa uzito wa chumvi iliyoyabeba. Makosa mengi huzaliwa hapo. Vitamini D uniti 400 kwa siku huwatosha wengi, ingawa miongozo ya Ulaya hufika mpaka 1000.

Namna ya kumshika ibadilike siku hiyohiyo, na kibandiko kiwekwe kitandani kwake. Usiinue miguu yote miwili kwa vifundo wakati wa kubadilisha nepi. Pitisha kiganja chini ya matako, au mgeuze ubavu taratibu. Usivute mkono kuupitisha kwenye shati; kusanya shati kwanza, kisha lipitishe juu ya mkono. Kupigapiga kifua ili makohozi yatoke kusitishwe. Anayetafuta mshipa asikaze kiungo kwa nguvu. Mfundishe mama haya yote kwa kumwonyesha, naye ayafanye mbele yako. Kumkumbatia kifuani kuendelee.

Rudia fosfati, ALP, kalsiamu na, ikiwezekana, PTH kila wiki moja hadi mbili. Fosfati ndiyo hutengemaa kwanza. ALP huchukua wiki kadhaa kushuka. Ikiwa fosfati imepanda vizuri lakini ALP haishuki, rudi hatua ya 5, kwa sababu huenda kalsiamu ndiyo iliyosahaulika. Kalsiamu ya mkojo ikipanda, dozi ya kalsiamu ipunguzwe kabla haijaganda ndani ya figo.

Hatari haiishii mlangoni pa wodi. Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 1500 na anayekwenda nyumbani akinyonya tu, bila kirutubisho, apimwe ALP na fosfati wiki mbili hadi nne baada ya kuruhusiwa. Kwenye barua ya kuruhusiwa andika ALP na fosfati za mwisho pamoja na tarehe zake, dozi za madini na za vitamini D, picha zozote zilizoonyesha ufa na mahali ufa ulipo, na kliniki itakayorudia vipimo. Maelezo ya nyufa yasiachwe: miezi michache baadaye daktari mwingine akikuta ubavu uliopona, atahitaji kujua kama ulivunjika wodini kwa upungufu wa madini au kama kuna mtu anamwumiza mtoto huyo nyumbani.